Kilatini si mama wa luga zote

Mwanafunzi wa Kilatini aona upesi kwamba Kifaransa ni mtoto wake: pater imekuwa père, nao Waitalia wasema padre. Basi wengi wazani kwamba luga zote za Ulaya zimezaliwa na Kilatini. Sivyo.

Tutazame Kiflama. Baba ni vader, samaki vis, mguu voet. Kwa Kilatini: pater, piscis, pes. Penye p mwanzoni mwa maneno hayo, Waflama wana v, na Waingereza f: father, fish, foot. Kama wangaliyaazima kwa Waroma, p ingalibaki. Neno priester, maana yake padri, liliazimwa kweli, na p yake ingali ipo! Jacob Grimm, Mdachi, alieleza kanuni hiyo mwaka 1822. Kiflama basi ni ndugu wa Kilatini, si mtoto. Mzazi wao ni luga ya zamani sana isiyoandikwa. Vivyo hivyo neno mtu la Kiswahili halikuzaa muntu ya Kiluba. Yote mawili yana mzee mmoja.

Na Kifaransa kilitengana lini na mama yake? Pole pole, karne kwa karne. Lakini mwaka 813 maaskofu waliokutana Tours waliamuru mahubiri yageuzwe katika Kiroma cha watu wa shamba au katika Kidachi, ili wote wafahamu. Misa yenyewe iliendelea kwa Kilatini, ila maaskofu walikuwa wamekwisha kuona kwamba watu walio mbele yao hawakisikii tena.