Waimbaji wa Fisk na Nyimbo Walizositasita Kuziimba

Tarehe 6 Oktoba 1871, vijana tisa Weusi waliondoka Nashville, Tennessee, wakiongozwa na Mzungu George White, mhazini na mwalimu wa muziki wa shule yao. Shule hiyo ya Fisk, iliyofunguliwa mwaka 1866 kwa ajili ya watu waliotoka utumwani, ilikuwa imezama katika madeni. White alikata shauri kuzunguka na kwaya kuchangisha fedha. Wengi wa waimbaji hao walizaliwa watumwa.

Kikwazo kilikuwa masikio ya wasikilizaji. Kwa miaka arobaini hivi Wazungu wa Marekani walikuwa wamezoea vichekesho vya jukwaani ambamo wenzao walijipaka masizi usoni na kumwigiza Mweusi kama zuzu. Hata kwaya ilipoimba Brooklyn, katika kanisa la mchungaji Henry Ward Beecher, magazeti yaliwabandika jina la vichekesho hivyo hivyo. Hoteli nazo ziliwafungia milango. Na bado, fedha zao za mwanzo, zisizofika dola 50, waliwapa walioathirika na moto mkubwa ulioikumba Chicago siku zile!

Mwanzoni waliimba zaidi nyimbo za Kizungu. Wasimulizi wengi hueleza kana kwamba nyimbo za kiroho za watumwa zilikuwa zikisubiri jukwaa tu. Sivyo. Ella Sheppard, mpiga piano na nguzo ya kwaya, alieleza baadaye kwamba nyimbo hizo zilikumbusha utumwa, na kwamba kwa wazazi wao zilikuwa takatifu. Ziliimbwa kwenye ibada, mara nyingi kwa siri. Kumuuzia Mzungu tiketi aje azisikilize halikuwa jambo jepesi, na kusita kwao sikuoni kuwa woga.

Novemba 1871, mbele ya mkutano wa makanisa huko Oberlin, Ohio, walianza mojawapo ya nyimbo hizo za kiroho kwa sauti ya chini mno. Gumzo likakatika. Tangu hapo nyimbo hizo zikachukua nafasi ya mbele. Walisimama wima, wamevaa kwa heshima, bila kuchezacheza wala kukonyeza, na kwa maoni yangu utulivu huo uliwajibu wapaka masizi vizuri kuliko hotuba yoyote.

White aliwapa jina la Jubilee, kutokana na mwaka wa yubile katika Mambo ya Walawi, mwaka wa kuachwa huru. Mwaka 1872 walimwimbia Rais Grant, 1873 Malkia Victoria, na mapato yao yakajenga jengo la Jubilee Hall, lililozinduliwa Fisk mwaka 1876. Ubaguzi haukwisha kwa makofi. Kwaya yenyewe, ikiwa hoi, ilivunjika mwaka 1878.

Nyimbo ziliendelea na safari. Mwaka 1890 Orpheus McAdoo, aliyewahi kuimba katika kundi lililorithi jina la Fisk, alifika Cape Town na waimbaji wake. Mwaka uliofuata, kwa kuvutiwa na mfano wao, kwaya ya Waafrika wa Afrika Kusini, akiwamo mwimbaji Charlotte Manye, ilikwenda Uingereza kuchangisha fedha za kujenga shule nyumbani.