Stika ya Avokado Inajua Bei, Haijui Shamba

Wasee, leo tuongee kuhusu ile stika ndogo ya avokado la supamaketi, ile unabandua na kumbandikia mdogo wako kwa paji la uso. Usikatae, umefanya.

Stika hizo ni za zamani kuliko dani wangu. Fyffes walianza kubandika ndizi zao stika ya buluu mwaka wa 1929, mnunuzi wa Uingereza ajue ndizi ni ya nani. Ya nani, yaani kampuni gani. Mkulima hakutajwa. Miaka ya 1990 zikaja namba: 4225 ni Hass kubwa, na ukiona 94225 ni ya kilimo hai. Keshia anapata bei, shamba hulipati.

Halafu ikaja leza. Mwanga unaondoa rangi ya juu ya ganda tu, nyama ya tunda haiguswi. Marekani iliiruhusu kwa machungwa na jamii yake mwaka wa 2012. Mwishoni mwa 2016 maduka ya ICA huko Sweden yakaanza kuijaribu kwa avokado na viazi vitamu, hasa kupunguza plastiki.

Viazi vitamu! Hapo ndio niliamka. Mimi ni wa Kisegi, na Homa Bay yetu ndiyo ya viazi vya Kabondo. Juzi hapa Nairobi nimemuuliza mama wa kibanda viazi vyake vimetoka wapi. Akanitazama. "Si vimetoka soko, kwani?"

Mtu atasema, sasa jina la shamba ni la nini? Kumbuka mishiri. Januari 2013 Ulaya ilianza kupima dawa kwenye shehena moja kati ya kila kumi za mishiri na njegere za maganda kutoka Kenya, kwa sababu mabaki ya dawa yalikuwa yamezidi. Zote za Kenya, hata za yule ambaye hakukosea. Mahali hakuna alama, kosa la mmoja ni la nchi nzima. Kwa hiyo mimi naitaka hiyo alama, lakini mashine ya leza isije ikakatwa kwa pesa ya mkulima wa robo ekari.

Dani hushona mdomo wa gunia lake la lumbesa kwa uzi mwekundu, alijue kwenye lori. Linafika sokoni, mtu anakata uzi, viazi vinamwagwa pamoja na vya wengine.