Jina lako kwenye intaneti: namna ya kulitafuta, na namna ya kusema bila kujulikana

Ku Kampene, kwenye teritware ya Pangi, kuna watu wengi ambao hawajawahi kufungua akaunti yoyote, lakini majina yao yako kwenye intaneti. Mtu aligombea ubunge wa jimbo, jina lake liko kwenye orodha ya CENI. Mwingine alikuwa prezida wa koperative ya wachimbaji, na ripoti ya shirika fulani ikamuandika pamoja na namba ya simu. Mtoto alifaulu mtihani wa serikali, mjomba wake wa Kindu akabandika picha na asilimia kwenye Facebook. Hakuna aliyeombwa ruhusa.

Kujua ni nini kimeandikwa juu yako ni kazi ya dakika kumi na mega kidogo. Lakini namna tunavyoitwa Congo inaleta shida. Tangu 1972, wakati Mobutu alikataza majina ya kizungu na kuleta postnom, mtu wetu ana majina mawili ao matatu, na kila ofisi inayapanga kivyake: kwa kadi ya mchaguzi jina moja liko mbele, kwa diplome lingine. Kwa Warega kuna tena jambo la L na R. Karani mmoja anaandika Mulega, mwenzake Murega, na mtu ni mmoja tu. Inaomba basi kutafuta mara nyingi: jina na postnom, kisha kinyume, kisha pamoja na prénom, kisha kwa kila namna ya kuandika.

Ukiandika majina mawili hivi hivi tu kwenye Google, itakuletea watu wa Lubumbashi na wa Bruxelles wasiokuhusu. Yafunge kati ya alama za kunukuu, "namna hii", halafu ongeza neno Kampene, Pangi ao Maniema. Fanya vile vile na namba yako ya simu, mara moja ikianza na 0, mara ingine na +243. Kisha tafuta ndani ya Facebook yenyewe, kwa sababu mengi yanayobandikwa mule Google haiyaoni. Na ni vizuri utoke kwanza kwenye akaunti yako ao utumie simu ya mtu mwingine, ndipo utaona kile mgeni anaona.

Kuna mahali pengine watu hawafikirii: programu ya Truecaller. Inakusanya majina ambayo watu wengine wamekuandika nayo ndani ya simu zao. Ndiyo maana mtu anaweza kushangaa namba yake inatokea na jina kama "Papa Deni" ao "Mama wa Kasiterite". Inawezekana kuomba namba itolewe mule, kwenye tovuti ya Truecaller yenyewe.

Kuficha jina si kujificha

Watu wengi wanafikiri kwamba wakibadilisha jina kwenye Facebook ao WhatsApp, basi hawajulikani tena. Ku Kampene hapo ndipo hatari inaanzia, maana mji ni mdogo na kila mtu anajua mwenzake.

Chukua mfano wa mchimbaji anayetaka kulalamika juu ya pesa zinazoombwa kwenye barrière, ao juu ya PDG wa shimo ambaye hajalipa timu yake. Anaingia kwenye kundi la WhatsApp na jina "Mtetezi wa Raia", bila picha. Anatuma audio. Kabla ya jioni watu wameshasema: "Ile sauti ni ya fulani wa kartiye yetu." Kwetu sauti inamtambulisha mtu haraka kuliko jina. Na kama hakutuma sauti, ameandika: "Jana saa kumi, kwenye shimo letu, tulikuwa watu sita." Wale sita wanajuana. PDG hana haja ya polisi wala ya fundi wa kompyuta, anahesabu tu kwa vidole.

Halafu kuna namba. Kwenye kundi la WhatsApp, wenzako wengi wanaweza kuiona. Aliye na namba anaweza kujifanya anatuma pesa kwa simu. Huduma nyingi zinaonyesha jina la mwenye namba kabla ya kuthibitisha, yeye anasoma jina kisha anakatisha. Hatumi hata franka moja. Na SIM yenyewe iliandikishwa kwa kitambulisho, kwa hiyo kampuni ya simu inajua ni ya nani. Ukiinunua kwa jina la ndugu yako, yule ndugu ndiye ataitwa wa kwanza.

Picha pia zinasema. Picha iliyopigwa na simu inaweza kubeba ndani yake tarehe, aina ya simu na mahali penyewe kama GPS ilikuwa inawaka. Ukiituma kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, habari hizo zinatolewa. Ukiituma kama dokima, zinabaki. Na hata zikitolewa, ukuta wa nyumba, kilima nyuma, motopompe yenye rangi fulani vinaonekana tu.

Ile "navigation privée" ya kwenye simu haifichi mtu. Inafuta historia ndani ya simu ile tu, ili atakayeishika nyuma yako asione. Kwa anayeazima simu ya rafiki ina maana yake. Kwa mengine, hapana.

Nani anatafutwa, na kwa nini

Jambo hili si la watu wadogo tu. Tarehe 8 mwezi wa tisa 2023, ku Kinshasa, mwandishi wa habari Stanis Bujakera alikamatwa juu ya makala ya Jeune Afrique kuhusu kifo cha waziri wa zamani Chérubin Okende. Makala ile haikuwa na jina lake. Upande wa mashtaka ulisema ni yeye wa kwanza kusambaza barua iliyotajwa kuwa ya ANR. Alipewa miezi sita ya kifungo na faini, na alitoka Makala tarehe 19 mwezi wa tatu 2024, baada ya kukaa ndani zaidi ya miezi sita.

Tanzania, Maxence Melo wa JamiiForums, mahali ambapo watu wanaandika kwa majina ya bandia, alikamatwa mwezi wa kumi na mbili 2016 kwa sababu hakukubali kuwapa polisi habari za waandishi wake. Mwezi wa ine 2020 mahakama ya Kisutu ilimtoza faini ya shilingi milioni 3, ao mwaka mmoja jela. Maana yake, mtu wa jina la bandia analindwa pia na yule anayemjua, kama huyo anakubali kuumia.

Sheria yetu iko pande mbili. Kodi ya dijitali ya tarehe 13 mwezi wa tatu 2023 inampa raia haki ya kuomba habari zake zisahihishwe ao zifutwe. Lakini kifungu cha 360 kinaadhibu anayeanzisha ao kusambaza habari ya uongo juu ya mtu: mwezi mmoja mpaka sita, na faini ya franka 500.000 mpaka 1.000.000. Neno "kusambaza" linahusu hata yule anayebonyeza tu "transférer". Anayesema ukweli bila jina, inaomba awe na ushahidi mkononi.

Ukikuta kitu kibaya juu yako

Usianze kubishana mule. Piga kwanza kapture, yenye tarehe na jina la akaunti, maana mwenye kubandika anaweza kufuta na kukuachia mikono mitupu. Kisha omba aliyebandika aondoe. Mara nyingi ni ndugu ao rafiki, na anaondoa. Akikataa, ripoti kwa Facebook yenyewe, na uombe watu watano ao kumi waripoti pia kama ni akaunti ya kujifanya wewe. Google haiwezi kufuta ukurasa wa mtu mwingine. Ile haki ya kusahauliwa iliyotolewa na mahakama ya Ulaya mwaka 2014 inahusu matokeo yanayoonyeshwa Ulaya, haifiki Pangi.

Kwa picha za utupu, wasichana wengi wanalipa pesa ili zisitoke. Anayelipa mara ya kwanza anaombwa mara ya pili. Kapture, namba iliyotumika kuomba pesa na risiti ya kutuma ndivyo vitu vya kupeleka kwa parquet, pamoja na mtu mzima wa kuaminika.

Na kwa mwenye habari nzito juu ya shimo, barrière ao kiongozi, kuna njia ya zamani: kwenda mwenyewe kwa mwandishi wa habari ao kwa shirika la raia, bila kutangulia kutuma audio, na simu ibaki nyumbani. Hapo mkubaliane kabla ya kusema lolote: jina lisitoke, sauti isomwe na mtu mwingine, kartiye isitajwe, idadi ya watu waliokuwa pale isitajwe.