Kabla Ununue Hedi na Kemshafti za 4A-GE, Soma Hii

Kama ndinga yako ni Corolla ya 4A-GE na unataka ivute kwa barabara, usikimbie Kirinyaga Road kusaka hedi ya njia kubwa za hewa juu mbogi imesema kubwa ndio poa. Injini yenyewe ni lita 1.6 tu. Njia zikiwa pana, hewa inaingia polepole mizunguko ikiwa chini na gari inalala. Toyota walijua. Hedi ya kwanza ilisaidiwa na TVIS, vifuniko vya kuziba njia moja kati ya mbili za kila silinda. Kutoka 1989 walipunguza njia, wakatoa TVIS, na nguvu ikapanda. Tafuta hiyo.

Kemshafti nazo ni mbili. Zile za kiwandani hufungua valvu kwa digrii 240. Za 264 zinatosha msee wa kuenda job daily, injini bado inatulia kwa jam. Za 304 ni za mashindano: chini hakuna kitu, na zinadai springi ngumu. Ukiziweka, fundi apime nafasi kati ya valvu na pistoni kabla ya kuwasha. Zikigongana, unanunua injini ingine.