Kufuli na ucheleweshaji katika draiva za vifaa

Kufuli na ucheleweshaji ni mbinu mbili zinazotumiwa na draiva (programu inayoendesha kifaa) wakati kompyuta au simu inapolaza kifaa ili kuokoa nishati, kisha kukiamsha kinapohitajika. Kufuli huzuia sehemu mbili za programu zisiguse kifaa kimoja kwa mpigo. Ucheleweshaji hukipa kifaa muda wa kutulia baada ya umeme kurudi. Makala hii inahusu kiini cha Linux, ambacho ndicho msingi wa Android.

Ucheleweshaji

Muda wa kusubiri huwekwa na viwango vya vifaa vyenyewe. Kifaa cha PCI kinachotoka hali ya usingizi (D3hot) kwenda hali ya kazi (D0) hupewa milisekunde 10. Cha USB huamshwa kwa ishara ya milisekunde 20 au zaidi. Draiva ikisubiri kwa amri ya Linux iitwayo udelay, prosesa huzunguka bure hadi muda uishe, nishati ikiteketea, kwa hiyo njia hiyo inafaa maikrosekunde chache tu. Ikitumia msleep, prosesa huachiwa ifanye mengine, ila ombi la milisekunde 1 laweza kufika 20. Pengo hilo lilizibwa mwaka 2010 kwa usleep_range.

Kufuli

Spinloku hushikwa kwa muda mfupi, na msimbo unaoishika hauruhusiwi kulala, yaani kuachia prosesa huku ukisubiri. Muteksi huruhusu kulala. Hapo ndipo draiva nyingi hunasa: kuamsha kifaa kwa kawaida huhitaji kulala, hivyo haifai kukiamsha papo hapo huku spinloku imeshikwa. Mfumo wa msanidi wa Linux Rafael Wysocki wa kulaza kifaa kimoja kimoja, ulioingia katika Linux 2.6.32 (Desemba 2009), huweka ombi kwenye foleni badala yake. Mfumo huo pia huchelewesha kulala kwa makusudi (USB husubiri sekunde 2), kwa kuwa kulala na kuamka ovyo nako hula betri.

Ubishi wa Android

Simu ya kwanza ya Android, HTC Dream, ilitoka Oktoba 2008 na wazo la kijasiri: simu nzima ilale kila ipatapo nafasi, isipokuwa draiva au programu imeshika wekiloku, yaani kufuli inayoizuia simu kulala. Mwaka 2009 Arve Hjønnevåg wa Google aliwapelekea wasimamizi wa Linux kazi hiyo, ikakwama. Wapinzani walidai kwamba programu moja mbovu, ikisahau kuachia kufuli, itamaliza betri. Watetezi wakajibu kwamba bila kufuli simu italala wakati uleule ujumbe unapoingia. Pande zote mbili zilikuwa na haki. Mapema 2010 draiva za Android ziliondolewa katika Linux 2.6.33, na miezi michache baadaye mjadala ukawaka upya, mrefu kupita kiasi. Wysocki ndiye aliyeukwamua: kwanza kwa hesabu ya matukio ya kuamsha ambayo kiini hukagua kabla ya kulala (2.6.36), kisha, katika Linux 3.5 ya Julai 2012, kwa utaratibu unaofanana mno na wekiloku zilezile zilizokataliwa.

Kanda ya Ziwa

Butimba jijini Mwanza, kama kwingineko Tanzania, Linux hukutwa zaidi ndani ya simu za Android. Kwenye mialo na visiwa visivyo na gridi, mwenye simu hulipia kuchaji kibandani, hivyo wekiloku iliyosahauliwa humtoa fedha mfukoni. Tangu Android 6.0 ya mwaka 2015, simu iliyotulia bila chaji, skrini ikiwa imezimwa, hupuuza wekiloku za programu.