Rwagasore na Marie-Rose mbele ya watoto wetu

Kila tarehe 13 Oktoba wafanya biashara wa Kasenga wanaovuka kwenda Bujumbura hukuta kazi imesimama. Ni siku ya Rwagasore. Watoto wa katekismu walituuliza huyo ni nani. Tukatafuta kitabu cha picha kinachowafaa, hatukukipata katika maktaba yetu.

Vitabu vya namna hiyo tunavijua. Katika miaka ya 1970, huko Paris, zilichapishwa hadithi za picha juu ya marais wa Afrika, Mobutu na Eyadéma kati yao. Mkubwa ni hodari toka utoto, hakosei hata siku moja. Mtoto akisoma vile atajifunza kupiga makofi tu.

Basi picha za Rwagasore zianze wapi? Wengi wangeanza na enzi ya baba yake, Mwami Mwambutsa. Sisi tungeanza Usumbura, mwaka 1957, na koperativa yake ya wafanya biashara. Huko Buyenzi watu walisema Kiswahili kama sisi, wengi wao Waislamu, na mwana wa Mwami alitafuta rafiki kwao. Koperativa ile madeni yaliishinda. Ichorwe vilevile.

Mwezi wa Septemba 1959 alimwoa Marie-Rose Ntamikevyo. Hapa ndipo mchoraji huchoka: anachora arusi, kisha bibi hatumwoni tena mpaka kwenye kilio. Lakini mwishoni mwa mwaka 1960 Leta ya Wabelgiji ilimfungia bwana yake huko Bururi. Walizaa mabinti wawili, wote wawili wakafa wachanga. Watoto wetu wanajua kilio cha namna ile, maana nyumba nyingi za hapa zina kaburi dogo. Hakuna sababu ya kuwaficha.

Tarehe 18 Septemba 1961 chama chake, UPRONA, kilipata viti 58 katika 64, naye akawa ministri wa kwanza. Siku 25 baada ya uchaguzi, Mgriki Jean Kageorgis alimpiga risasi usiku, katika hoteli Tanganyika, kando ya ziwa hili letu. Alikuwa na miaka 29. Marie-Rose alikuwa amekaa katika ndoa miaka miwili na mwezi mmoja.

Waliohukumiwa pamoja na Mgriki yule, kati yao walikuwa wakubwa wa PDC, chama kilichojiita cha Wakristo. Jean-Baptiste Ntidendereza, mwana wa chifu Baranyanka, alinyongwa Gitega mwezi wa Januari 1963. Padri mwenzetu alishauri jina la chama lisiandikwe, watoto wasikwazwe. Tulibishana naye mpaka taa ikazimika. Sisi tunasema liandikwe, na jina la ubatizo la aliyenyongwa liandikwe pia. Mtoto atakayelisikia kesho barabarani atauliza kwa nini mwalimu wake alimficha, na mwalimu atajibu nini?

Picha ya mwisho tungempa Marie-Rose peke yake, nguo ya ujane, ziwa nyuma yake. Chini tuandike jina lake na mwaka wa arusi.