Uzazi wa bure: hopitali inaweza kumuomba mama pesa gani?

Hopitali ikiwa imetia sahihi mkataba na Fuko la Mshikamano wa Afya (FSS), mama mujamzito halipi kuzaa. Fuko ndilo linalipa, kwa bei moja iliyopangwa kwa kila tendo. Vipimo vya mimba, kuzaa kwa kawaida, upasuaji, na matunzo ya mtoto muchanga mpaka siku 28, vyote vimo ndani. Kumuomba mama pesa juu ya hapo, hata ikiitwa ya glovu ao ya javeli, ni kulipisha kazi moja mara mbili.

Musingi wake ni sheria namba 18/035 ya tarehe 13 Desemba 2018 juu ya afya ya watu, iliyorekebishwa na amri-sheria ya tarehe 3 Machi 2023 ili kuingiza bima ya afya kwa wote. Uzazi wa bure ulizinduliwa Kinshasa Septemba 2023, na unaingia mikoani kwa awamu. Kwa hiyo swali la kwanza huko Tunda, katika teritware ya Kibombo, si "ni bure?" bali "hopitali iko na mkataba?" Hopitali za makanisa, kama ile Wamethodisti walijenga Tunda, zinafanya kazi pamoja na serkali, lakini bila mkataba fuko halilipi.

Ngumu iko hapa: wauguzi wengi wa inchi hii hawana mushahara wa serkali, wanaishi na kile wagonjwa wanalipa. Pesa za fuko zikichelewa, sheria inabaki kwenye karatasi na mama anarudi kuwa sanduku la hopitali. Wengine wamezuiwa wodini na watoto wao mpaka ndugu wauze mbuzi.

Kwa jirani zetu Rwanda, mwenye mitueli anajua sehemu yake mbele: asilimia 10 hospitalini. Kanada, tangu sheria ya 1984, dola muganga anayoongeza juu ya bei inakatwa kwenye pesa ambazo serkali kuu inapelekea jimbo. Basi jimbo lenyewe linawachunga waganga wake. Kwetu bado hakuna anayeumia hivyo isipokuwa mama.

Akiombwa pesa, familia iombe risiti yenye jina la tendo na kiasi, kisha iipeleke kwa ofisi ya zoni ya afya. Bila karatasi, muganga mukuu wa zoni hana cha kushika.